Bánh mì ya mishkaki: mpishi hodari, kaunta hovyo

Juzijuzi nilimpeleka mama kwenye kimgahawa kimoja kidogo katikati ya Dar es Salaam, viti vichache na kaunta ya kioo, maana ofisini kwetu kila mtu anaisifia bánh mì yao ya mishkaki. Ni mkate wa Vietnam. Wafaransa walipoitawala nchi ile walikwenda na mikate yao mirefu, wenyeji wakaijaza vya kwao: karoti na figili zilizolowekwa kwenye siki na sukari, tango, giligilani, pilipili. Hawa wetu wameongeza mishkaki ya ng'ombe, achari ya embe na ukwaju.

Mama akamuuliza kijana wa kaunta kitu kimoja tu: "Mwanangu, humu ndani mna nyama gani?"

Swali la haki kabisa. Kwao Vietnam mkate huu mara nyingi hutiwa nguruwe na kupakwa pate, yaani maini yaliyosagwa laini. Mama ni Mwislamu, lazima aulize. Yule kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu. Shikamoo hakuna. Akasema, "Imeandikwa ukutani." Ukutani kumeandikwa kwa chaki, herufi ndogondogo, Kiingereza kitupu. Mama akarudia swali kwa upole. Akajibiwa: "Mama, kama huelewi agiza chai, kuna watu nyuma yako."

Nyuma yetu hapakuwa na mtu!

Nikamwambia aniitie mpishi. Dada wa watu akatoka jikoni anafuta mikono, akamwamkia mama, akaeleza vizuri: ni ng'ombe mtupu, wa bucha ya halali, amelazwa usiku kucha na tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi, na pate hawatumii kabisa. Maelezo yenyewe hayakufika hata dakika. Sasa yule kijana alishindwa nini?

Chakula nitakisema kwa haki, kwa sababu mpishi hana kosa. Ganda la mkate linavunjika kwa mlio, ndani laini. Papai limefanya kazi yake, nyama huivuti kwa meno. Ile siki ya karoti inakata mafuta, ukwaju unafuata, halafu pilipili mbuzi inakuja kukumalizia. Achari ilizidi chumvi kidogo, basi. Nusu ya kwanza nilikuwa nimeshaamua nitarudi, tena na wenzangu.

Halafu nikamtazama mama. Alikula kidogo, kilichobaki akakifunga kwenye karatasi, akasema twende zetu. Mwanamke aliyepika pilau za shughuli za mtaa mzima, leo anaambiwa haelewi chakula, tena na mtoto wa kumzaa!

Nilitoka nikiwa na nia ya kuwapa nyota nne. Nilipofika nyumbani zikawa tatu. Sasa hivi ninapoandika hasira imenipanda upya, na hata mbili naona nyingi. Mpishi apewe tano zake zote, anastahili. Mgahawa, moja.

Mwenye mgahawa, andika kwa Kiswahili vilivyomo kwenye mkate wako, maana wateja wako ni Waswahili na nyama ni jambo la dini kwa wengi wetu. Na huyo kijana mtoe kaunta mpaka ajue kumwamkia mtu mzima kabla ya kupokea pesa yake.