Saiba ya Kisumu inayojua faili ilipita kwa nani

Mimi hukodisha matenti na viti hapa Kondele, na oda nyingi ni za matanga. Mwenye kulipa yuko Nairobi, anayepokea viti yuko Nyakach, kwa hiyo mkataba tunausaini kwa simu. Mwaka jana mteja alinirudishia viti 260. Mkataba wangu ulisema 300, wake ulisema 260, na saini zote mbili zilifanana kama mapacha. Saiba niliyoitumia wakati huo (siitaji) ilikuwa imeuprinti mkataba, ikaugonga muhuri, ikauskani upya na kufuta faili yenyewe. Nilibaki na picha ya saini. Viti 40 nikavimeza.

Sasa naenda kwa vijana fulani, ghorofa ya pili, karibu na Oginga Odinga Street. Ngazi ni mwinuko na feni ni moja, lakini kazi wanaijua. Wanatuma mkataba kwa wote wawili, na ukishasainiwa wanashusha faili pamoja na cheti chake: baruapepe iliyotumika, anwani ya intaneti, saa uliyofunguliwa, saa uliyosainiwa. Kisha wanapiga hesabu ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, herufi na tarakimu 64, wanazibandika kwenye risiti na kwenye daftari la kaunta, na kila mhusika anatumiwa faili ile ile hapo hapo. Anayekuja baadaye kuchukua nakala anaandika jina na saa.

Nilidhani ni mbwembwe. Yule dada wa kaunta akafungua nakala ya mkataba wangu, akageuza 300 kuwa 301, akapiga hesabu tena. Tarakimu zote zilivurugika, hata mwanzo haukufanana. Akaufungua kwenye Acrobat Reader, programu ya kusomea PDF, ikaonya kwamba hati imeguswa baada ya kusainiwa. "Mama," akaniambia, "usinitumie kama picha kwa WhatsApp, nitumie kama dokyumenti. Picha inabanwa, saini inabaki mchoro tu." Kumbe hata kuprinti ni hivyo hivyo. Pesa yangu ya viti 40 ingetosha kulipia somo hilo mara nyingi.

Lakini cheti chao nusura kinigombanishe na mteja mzuri. Aliniambia alisaini saa nne asubuhi akiwa kazini. Cheti kikaandika 07:12, yaani saa moja, na saa moja alikuwa bado kwenye matatu. Nikamwona mwongo. Kumbe cheti kinafuata saa za kimataifa (UTC), ili upate saa za Kenya unaongeza tatu: 10:12, saa nne na dakika 12. Waandike hilo kwenye risiti, jamani. Sisi tayari tuna saa mbili za kuhesabu, ya tatu itatuua.

Bei ni shilingi 150 kwa mkataba, nakala ya baadaye 50. Sina neno. Jumapili wanafunga, na oda za mazishi huwa hazingoji Jumatatu.

Ninalolalamikia kwa dhati ni paswadi. Wafanyakazi watatu wanatumia moja, kwa hiyo kompyuta inaonyesha mtu mmoja tu ndiye aliyeshughulikia kila kitu, hata siku ambazo najua hakuwepo. Sheria ya Ushahidi, kifungu 106B, inataka rekodi ya kielektroniki ije mahakamani na cheti kilichosainiwa na mtu mwenye dhamana ya mtambo au shughuli hiyo. Wakili wa upande wa pili akiuliza ni nani kati yao watatu aliyeshusha faili yangu, daftari la kaunta litasema moja na kompyuta itasema lingine. Nilimweleza mwenye duka, akakubali kabisa, akasema wiki ijayo.

Ijumaa nilirudi. Paswadi bado ni ile ile, kwenye kikaratasi cha njano chini ya kibodi. Niliisoma nikiwa upande wa wateja.