Vitabu Sita vya Dune: Jangwa Linalosomeka Vizuri Ukiwa Kando ya Ziwa

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani kuna vitabu sita vya Dune, riwaya za kisayansi za Frank Herbert: cha kwanza kilitoka mwaka 1965, cha mwisho 1985.

Nitaanza na nguo. Arrakis, sayari ya hadithi hizi, ni ya jangwa, kwa hiyo wenyeji wake, Wafremen, huvaa vazi linalobana mwili na kunasa jasho, mkojo, hata unyevu wa pumzi. Pampu zake zinaendeshwa na mwendo wa mwili wako, hasa kupumua. Maji yakishachujwa yanaingia kwenye vifuko, unayanyonya kwa mrija ulio shingoni. Hewa unaivuta kwa mdomo kupitia kichujio, unaitoa kwa mrija wa puani. Vazi likiwa zima, kwa siku nzima hupotezi maji zaidi ya kujaza kastabini ya fundi cherehani. Ndiyo maana Mfremen akitema mate mbele yako amekuheshimu: amekupa maji yake.

Sasa shikeni mnyororo huu, kwani usipoushika kitabu cha tatu kitakushinda. Kuna viumbe wadogo wanaofungia maji chini ya mchanga. Uchafu wao ukichanganyika na maji, gesi hujaa, ardhi hulipuka, na kinachotoka kikipigwa na jua huwa melange, kiungo ambacho bila hicho manahodha wa anga hawaoni njia. Viumbe hao hao ndio huja kuwa minyoo wakubwa, na wakishakuwa minyoo maji huwaua. Ukilistawisha jangwa, umemaliza minyoo na melange pia! Watu wa Mwanza mtalielewa hili haraka: sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka.

Halafu lugha. Wafremen wanamngoja Mahdi, wanamwita Lisan al-Gaib. Msomaji wa Kiswahili anasikia lisani na ghaibu papo hapo. Lakini utabiri huo ulipandikizwa zamani na masista wa Bene Gesserit, chama cha siri cha wanawake, kwa faida yao, na hilo ndilo linalouma. Kitabu cha pili kinataja gharama yake: katika vita vilivyopiganwa kwa jina la Mahdi huyo, waliouawa ni watu bilioni 61.

Cha nne ni kigumu. Mfalme Leto wa Pili ametawala miaka zaidi ya 3,500 na anaongea mno, matukio machache. Someni taratibu, kina hazina. Cha sita kinaacha mambo yakining'inia. Herbert alifariki 1986.

Mwenye fedha ya vitabu viwili tu, anunue cha kwanza na cha pili, avisome mfululizo. Faharasa ya maneno iko nyuma ya cha kwanza. Weka alama hapo kabla ya kuanza.