WhatsApp Business kwa fundi wa mapazia: uzoefu wangu

Nashona mapazia na foronya, na wateja wangu karibu wote hunipata kwa simu. Nilipohamia WhatsApp Business nilitaka mambo mawili tu: anayeuliza apate jibu linaloeleweka, na aliyelipia ajue kazi yake imefikia wapi. Kwa hayo mawili naipa alama za juu.

Kwa asiyeijua, ni programu tofauti na WhatsApp ya kawaida. Ilitoka mwaka 2018 na kuipakua ni bure. Unaweza kuwa nazo zote mbili kwenye simu moja ilimradi kila moja iwe na namba yake. Mteja hapakui chochote, anakuandikia kwa WhatsApp yake ileile.

Kilichonibadilishia kazi ni majibu ya haraka. Unaandika ujumbe mara moja, unaupa neno fupi, kisha siku nyingine ukiandika mkwaju (/) na neno hilo, ujumbe wote unakuja. Unaweza kuhifadhi hadi 50. Mimi natumia machache, na ninalolitegemea zaidi nimeliita /vipimo:

"Asante kwa kunitafuta. Naomba unipimie fimbo ya pazia, siyo dirisha, ncha hadi ncha. Kisha pima kutoka kwenye fimbo hadi pale unapotaka pazia liishie. Nitumie na picha ya dirisha lote. Nikipata hivyo, nakupa bei kamili na siku ya kuchukua."

Kila sentensi hapo ina sababu yake. Ukimwuliza mtu dirisha lake lina ukubwa gani, atapima kioo, wakati fimbo huzidi dirisha kulia na kushoto. Tena pazia lenye mikunjo ya kupendeza hula kitambaa karibu mara mbili ya upana wa fimbo: fimbo ya mita 2, kitambaa mita 4. Asipoambiwa hilo mapema, akisikia bei anaona anapigwa. Akielezwa kabla, wengi huchagua wenyewe kupunguza mikunjo au kutafuta kitambaa cha bei nafuu, na tunaendelea vizuri.

Ila jibu la haraka lisitumwe kama risasi. Kwanza soma alichouliza. Aliyeandika "Dada, wageni wangu wanafika Jumamosi, utawahi?" hataki somo la vipimo. Anataka ndiyo au hapana. Namjibu hilo kwanza kwa maneno yangu, ndipo /vipimo inafuata.

La pili ni lebo, yaani alama unazobandika kwenye mazungumzo ili kuyapanga. Programu inakuja na zake, kama mteja mpya, oda mpya na malipo yanayosubiriwa, nawe unaweza kuongeza za kwako. Niliongeza "Nasubiri vipimo". Jioni nikishafunika cherehani nafungua lebo hiyo na kumwandikia kila aliyemo: "Mama, bado nakusubiri. Kama fimbo haijafungwa, niambie nikuelekeze ukubwa wa kununua." Mara nyingi mtu alikuwa amekwama hapohapo, hana fimbo na anaona aibu kusema. Bila lebo, mazungumzo hayo yangezama chini ya meseji mpya na oda ingekufa kimyakimya.

Kuna pia ujumbe wa salamu, unaojituma kwa anayekuandikia mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14, na ujumbe wa kutokuwepo, ambao unaupangia saa. Hapa nina msimamo mkali kidogo: usiandike "tutakujibu hivi punde" kama unajua hutajibu hivi punde. Wangu unasema: "Nipo kwenye cherehani. Nasoma meseji saa saba mchana na saa kumi jioni. Kama unakuja kuchukua mzigo leo, nipigie." Mtu akijua saa ya kujibiwa anatulia. Asipojua, anatuma alama za kuuliza, halafu anamtafuta fundi mwingine.

Katalogi, yaani orodha ya bidhaa ndani ya programu, ni nzuri kwa vitu vilivyo tayari. Foronya nimeziweka na picha, ukubwa na bei. Nasisitiza bei, kwa sababu ile tabia ya "bei njoo inboksi" inawachosha watu, na wengi hawaji. Kwa mapazia ya oda haisaidii sana zaidi ya kuonyesha kazi zilizopita.

Jambo la kujua mapema: orodha ya matangazo, inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, inawafikia tu waliohifadhi namba yako, na orodha moja inabeba watu hadi 256. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi naliona sawa, maana hakuna anayependa kusumbuliwa na duka asilolikumbuka. Siku ya kukabidhi mzigo namwomba mteja ahifadhi namba yangu, na namweleza kuwa nitamwandikia vitambaa vipya vikiingia, basi. Anayekataa simlazimishi.

Nani aichukue? Anayefanya kazi peke yake au na msaidizi mmoja wawili, inamtosha kabisa, kwani akaunti inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi 4 na msaidizi akajibu kutoka kwenye kompyuta. Mkifanya hivyo, kubalianeni nani anabandika lebo na lini, mteja mmoja asije akapewa bei mbili.