Mmea wa Yona: tuuache na Kiebrania au tuupe jina letu?

Mtafsiri wa Biblia akikuta mmea au mnyama asiyemjua vizuri ana njia mbili: auache na jina la Kiebrania, au aupe jina linalojulikana kwetu. Chukua ule mmea wa Yona sura ya 4, kwa Kiebrania kikayoni. Ukiuacha hivyo hivyo hujamdanganya mtu, ila msomaji haoni kitu chochote kichwani. Jeromu mwenyewe, yule wa Biblia ya Kilatini, aliikataa hiyo njia, akasema watu watadhani ni mnyama wa India au mlima wa huko Ugiriki 😂

Njia ya pili, jina la mmea unaojulikana, inasomeka vizuri lakini ina kesi zake. Tafsiri ya zamani ya Kigiriki iliweka mmea wa jamii ya maboga, Jeromu akaubadilisha akaweka mmea mwingine unaotambaa ukutani, basi mwaka 403 askofu Augustino anamwandikia kwamba huko Oea, ndo Tripoli ya Libya leo, waumini wamesikia jina jipya kanisani wakaamsha fujo mpaka askofu kidogo abaki bila waumini. Mmea tu jamani!

Leo wengi wanasema ni mbarika (wengine mnaita mnyonyo), ila Biblia yetu ya Muungano inasema mtango.

Wanyama nao hivyo hivyo, mnyama anayeitwa re'em kwa Kiebrania, watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya 1611 walimfanya mnyama wa pembe moja, sisi tukaweka nyati, na mi naona tulipatia zaidi japo re'em alikuwa ng'ombe pori aliyeshatoweka. Kwa hiyo nachagua jina la karibu, na maelezo chini ya ukurasa. Isipokuwa ile orodha ya ndege wasioliwa ya Walawi 11, hapo kila mtafsiri anabahatisha tu.