Uzoefu wangu na huduma ya usanifu wa akustika kwa studio ya nyumbani

Kabla ya kulipia huduma hii ya kupanga jinsi sauti inavyokaa chumbani, nilikuwa nimerekodi kwa zaidi ya mwaka mzima katika chumba cha akiba chenye urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3.0 na kimo cha mita 2.4, ambacho kuta zake zote nilikuwa nimezibandika sponji ya sentimita tano iliyouzwa kwa maelezo kwamba "inazuia sauti". Haikuzuia chochote. Watoto waliolala chumba cha pili waliendelea kusikia kila pigo la ngoma, nami niliendelea kunasa mazungumzo yao kwenye maikrofoni. Kilichobadilika ni kwamba sauti nyembamba zilifyonzwa zote huku besi ikibaki inavuma vilevile, na kila aliyeimba humo alisikika kama aliyejifunika blanketi.

Huduma yenyewe hutolewa kwa njia ya mtandao. Mteja hujaza dodoso refu, hutuma vipimo na picha za kila ukuta, kisha hupima chumba chake mwenyewe kwa maikrofoni ya vipimo na programu ya Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bure. Baada ya wiki mbili nilipokea michoro, orodha ya vifaa na nafasi ya kuzungumza na msanifu kwa saa moja.

Saa hiyo moja ndiyo iliyonifaa kuliko michoro yote. Msanifu alianza kwa kutenganisha kazi mbili ambazo mimi nilidhani ni moja: kuzuia sauti isipenye kwenda upande wa pili, na kuituliza sauti iliyomo ndani isirukeruke kutoka ukuta hadi ukuta. Sponji hufanya sehemu tu ya kazi ya pili, kwa kuwa ni nyepesi na hewa hupita ndani yake, ilhali kinachozuia sauti ni uzito, uzibaji wa kila upenyo na kutogusana kwa pande mbili za ukuta. Alinieleza kwamba kuongeza uzito wa ukuta maradufu huleta nafuu ya takribani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) sita tu, na kwamba ukuta ulioachwa wazi kwa asilimia moja ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hata ukijengwa kwa zege. Nilipomaliza kumsikiliza nilikwenda kuutazama mlango wangu wa mbao nyembamba, wenye uwazi wa kidole kizima chini yake, nikaona aibu kwa fedha nilizotupa kwenye sponji.

Kosa kubwa zaidi aliliepusha kabla sijalifanya. Ukuta unaonitenga na chumba cha watoto ni wa fremu ya mbao yenye bodi moja ya jipsamu kila upande, nami nilikuwa nimepanga kusimamisha ukuta mwingine wa jipsamu mbele yake, nikiamini kwamba kuta mbili ni bora kuliko mmoja. Msanifu alikataa kata kata. Hewa iliyofungiwa kati ya bodi mbili hufanya kazi kama springi, na ukiigawa kwa kuweka tabaka la tatu katikati unapata springi mbili fupi na ngumu, jambo linaloweza kuufanya ukuta uliogharimu zaidi upitishe besi nyingi kuliko ule ambao ungetumia bodi zilezile kwa matabaka mawili tu. Badala yake alielekeza nibandue bodi ya upande wa studio, nijaze sufu ya mawe, yaani nyuzi laini zitokanazo na mawe yaliyoyeyushwa, ndani ya fremu, kisha nirudishe bodi mbili nzito zilizopandana, zikishikiliwa na vishikizo vya raba na kuzibwa kingo zote kwa gundi isiyokauka ikawa ngumu. Mlango mzito uliojaa, wenye raba pande zote nne, ulikamilisha kazi. Sasa watoto hulala nikiwa napiga kinanda, ingawa ngoma kubwa bado huwafikia kwa mbali, na hilo nilikuwa nimetahadharishwa mapema kwa sababu mtikisiko wake husafiri kupitia sakafu.

Kwa upande wa sauti ya ndani, nilijifunza kwamba chumba cha mita 3.6 huvuma kwa urefu wake kwenye hezi 48 hivi, yaani mitetemo 48 kwa sekunde, na kwamba katikati kabisa ya chumba mvumo huo hutoweka. Mimi nilikuwa nimeweka kiti changu papo hapo katikati. Noti ya chini ya G kwenye gitaa la besi ina hezi 49, kwa hiyo kila mara nilipochanganya wimbo nilikuwa naiongezea sauti noti nisiyoisikia, kisha wenzangu wakilalamika kwamba spika za magari yao zinatetemeka. Kusogeza kiti hadi mita 1.37 kutoka ukuta wa mbele hakukunigharimu kitu. Baada ya hapo ndipo nilipoweka paneli za sufu ya mawe zenye unene wa sentimita kumi, zikiachiwa nafasi ya sentimita kumi nyingine nyuma yake, na nyingine nene zaidi kwenye pembe za chumba, ambako besi hujikusanya.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Michoro iliziba chumba barabara bila kusema neno lolote kuhusu hewa. Baada ya dakika 40 za kurekodi, mwimbaji alitoka nje akitokwa jasho na kulalamika kichwa kinamuuma. Nilipoandika kuuliza, jibu lilikuja baada ya siku tisa pamoja na mchoro wa sanduku refu lenye kona kadhaa, lililotandikwa sufu ndani ili hewa ipite polepole na sauti ife njiani. Mchoro ulikuwa mzuri na sanduku linafanya kazi, lakini ilinibidi nitoboe ukuta niliokwisha kuumaliza na kuupaka rangi.

Nimewapa nyota nne kati ya tano. Aliye bado hajaanza kujenga atafaidika sana, mradi adai mchoro wa njia ya hewa kabla hajapiga msumari wa kwanza. Mwenye chumba kilichokwisha kujengwa na anayetaka tu kupanga paneli na spika anaweza kutosheka na ile saa ya mazungumzo, ambayo huuzwa pia peke yake. Sponji ya zamani nimeitandika chini ya kreti la mbwa.