Wakili wa familia Mbeya: ofisi yako au shirika la msaada wa kisheria?

Kwa kipato, ofisi yako hushinda, ila polepole: kodi ya chumba, karani na leseni ya kila mwaka hulipwa hata mwezi usio na mteja. Shirikani mshahara ni wa uhakika, mpaka ufadhili ukatike.

Kwa kujifunza, shirika liko mbele sana. Mashauri ya matunzo chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 ni mengi, na unazoea kusoma taarifa za afisa ustawi wa jamii.

Ofisini kwako, talaka huleta ada nono. Lakini ombi lisilo na hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, inayoonyesha kuwa usuluhishi umeshindikana, kwa kawaida hukwama, na mteja aliyetoka Rungwe amepoteza nauli bure, inauma.

Mwenye akiba ya miezi sita afungue ofisi. Aliyemaliza Shule ya Sheria juzi, mikono mitupu, aanzie shirikani.