Ng'ombe wa Texas: kuswaga au kupakia treni?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, ng'ombe wa pembe ndefu aliuzwa dola 4 hivi Texas, lakini huko kaskazini bei iliweza kufika dola 40. Kazi ilikuwa kumfikisha.

Kuswaga kulikuwa rahisi kwa mfuko. Kundi la ng'ombe 2,500 lilitaka watu kama kumi na wawili, mmoja wao mpishi na gari lake la chakula, na miezi miwili au mitatu hadi Abilene, Kansas, ambako Joseph McCoy, mfanyabiashara wa ng'ombe, alifungua mazizi kando ya reli mwaka 1867. Ng'ombe walikwenda kilomita 16 hadi 24 kwa siku, wakila majani njiani. Ukiwakimbiza wanakonda, na aliyekonda hana bei. Usiku radi moja ilitosha kuwatimua wote, ndiyo maana wachungaji waliwaimbia ili watulie.

Treni ilifika Fort Worth, huko huko Texas, mwaka 1876. Ilidai nauli, ila mnyama alifika sokoni na nyama yake. Wakati huo huo senyenge ilikuwa ikifunga malisho, na mwaka 1885 Kansas ikawapiga marufuku ng'ombe wa Texas kwa hofu ya homa ya kupe. Kwa hiyo treni haikushinda kwa ubora wake tu. Mimi mwaka 1870 ningeswaga. 1885 ningelipa nauli, huku nikinung'unika.

Mwaka 1903 viwanda vya nyama vya Armour na Swift vilikuwa vikichinja Fort Worth kwenyewe, na mabehewa yakaanza kubeba nyama.